Benchi la Wajomba

“Mama, tukiendelea kusubiri sitakuwa na cha kuokoa. Unanielewa?”

Dokta Urvashi alisema hivyo akiwa amechuchumaa mbele ya Mwanaasha, kwenye veranda ya wodi ya upasuaji. Mpita njia angedhani daktari ndiye anayeomba msaada, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Ndani, kitanda cha karibu na dirisha, Zuleha binti Mwanaasha alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba na kukaza, mpira umepitishwa puani, anauma pindo la khanga asipige kelele. Utumbo wake ulikuwa umejisokota. Daktari alishamweleza mama mtu kwa maneno mepesi kwamba damu haipiti, na kwamba utumbo ukikaa hivyo unaozea ndani ya mtu aliye hai. Dawa yake ni kupasua upesi na kuusokotoa kabla haujafa.

“Nakuelewa, mwanangu,” alisema Mwanaasha. “Lakini mjomba wake hajasema neno.”

“Mjomba yuko wapi?”

“Yuko hapahapa mjini.”

“Basi aje!”

“Hapokei simu.”

Dokta Urvashi akasimama, akajishika kiuno. Alizaliwa Morogoro hii hii, baba yake aliuza vitambaa barabara ya sokoni, na tangu utotoni alijua habari za wajomba wa milimani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo wa mama ni kaka wa mama. Baba anapendwa, anaheshimiwa, analisha watoto. Neno zito linapotakiwa, anaitwa mjomba.

Na usidhani idara ile ilikuwa haijui. Ilijua kuliko idara yoyote ya hospitali ninayoifahamu. Benchi lile la mninga alilokalia Mwanaasha liliwekwa pale makusudi na kila mfanyakazi aliliita benchi la wajomba. Utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa wa milimani haguswi na kisu kabla mjomba wake hajafika, akaketi hapo, akapewa chai, akaelezwa, akaridhia. Dokta Urvashi aliwahi kuuvunja mara moja tu. Mgonjwa alipona, lakini mkuu wa idara alimsimamisha mbele ya manesi wote akamwambia, “Umeniharibia mlima mzima kwa siku moja.” Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kazini. Sasa, kuanzia kesho, yeye ndiye angekuwa mkuu wa idara hiyo. Leo idara ilikuwa bado ya mzee huyo, na mzee alikuwa anaagwa, anastaafu.

Akaingia wodini, akainama kitandani. “Zuleha, wewe ni mtu mzima. Una mume. Ukisema wewe mwenyewe ndiyo, inatosha. Sheria inakuruhusu.”

Zuleha alitoa khanga mdomoni. “Nilishampita mjomba mara moja, dokta,” alisema, na pumzi ikamkata. “Sitampita tena. Mama akisema sawa, na mimi sawa.”

Umwambie nini mtu wa namna hiyo?

Nje, Twalibu mumewe alikuwa amesimama kwenye nguzo, shati limejaa madoa ya utomvu wa ndizi. Alikuwa akipakia mikungu asubuhi pale Kinole walipomwita, akamfunga mkewe mgongoni kwa dereva wa bodaboda kwa khanga, naye akakaa nyuma kumzuia asianguke, mpaka Mkuyuni walipopata gari. Alimsogelea mama mkwe, akanong’ona kwa hasira.

“Mama, nawaambia. Nasema mjomba ni nani.”

“Husemi!”

“Anakufa mke wangu, mama!”

“Ni mwanangu kabla hajawa mke wako. Umesahau kaka alisema nini siku ile? ‘Mkiumwa, mkifa, jina langu mlitoe kinywani.’ Alisema, hakusema? Nikilitaja hapa mbele ya watumishi wake atasema tumekuja kumwaibisha siku yake. Atapokea. Ni kaka yangu, namjua, hasira zake zina mwisho. Tulimpita kwenye ndoa, ukoo ukavunjika. Nikimpita na kwenye hili, hatarudi kwetu tena.”

Ndiyo. Mjomba waliyekuwa wakimsubiri ni Dokta Rehani, mkuu wa idara, mwenye benchi lake. Miaka miwili nyuma alikuwa amemtafutia mpwa wake mchumba, mwalimu, na Zuleha akamtaka Twalibu muuza ndizi. Mama mtu akasimama na bintiye. Ndoa ikafungwa bila neno la mjomba, na tangu siku hiyo kaka na dada hawakusalimiana.

Mwanaasha akabonyeza simu tena.

*

Ukumbi wa sherehe ulikuwa upande wa Kilakala, madirisha yanaangalia mlima. Meza kuu ilipambwa kwa vitambaa vya zambarau, na katikati alikaa Dokta Rehani na suti mpya, Raya mkewe kulia kwake, mgeni rasmi kushoto. Mshereheshaji alikuwa anasoma historia ya idara.

“Idara yetu ilianza na chumba kimoja! Meza moja ya kupasulia, na jiko la mkaa la kuchemshia vyombo! Umeme ukikatika, nesi anashika tochi!”

Watu wakacheka, wazee wachache waliokuwepo zama hizo wakatikisa vichwa.

“Ndugu mgeni rasmi, kulikuwa na wakati watu wa milimani walituhama kabisa. Kijana mmoja alikatwa mguu hapa kwa sahihi ya baba yake peke yake. Wajomba walipofika wakambeba na kidonda kibichi, wakapanda naye mlima, akafia kwao. Baada ya hapo mtu mwenye ngiri alikaa nayo nyumbani mpaka ikamuua. Hapo ndipo akaja daktari kijana, mtoto wa Kinole. Akapanda kijiji kwa kijiji kwa miguu yake. Akakaa na wajomba, akala nao, akawaapia kwamba kisu hakitamgusa mtoto wao kabla hawajasema. Watu wakarudi, ndugu zangu! Benchi la wajomba likazaliwa!”

Makofi yakapigwa mpaka glasi zikatetemeka. Na alistahili, mimi sitamnyima mtu haki yake. Wapo watu wanaotembea leo huko juu, wanalima, wanazaa, kwa sababu ya miguu ya Rehani.

Lakini kuna jambo mshereheshaji hakulisoma. Mgonjwa alipokuwa mahututi na mjomba haonekani, Rehani mwenyewe alikuwa akienda kukaa kwenye lile benchi, anaongea na kina mama kwa Kiluguru, anawaambia, “Leo mjomba ni mimi. Lawama zote nipeni mimi.” Wanakubali, anaingia kupasua. Hakuandika utaratibu huo popote wala hakumfundisha mwenzake yeyote namna ya kuufuata. Nadhani alipenda uwe wake peke yake. Viongozi wengi wazuri wana ugonjwa huo, wanajenga nyumba nzuri halafu ufunguo wanatembea nao mfukoni.

Simu ikatetemeka mezani. Raya akachungulia.

“Ni Mwanaasha. Pokea basi, baba.”

“Leo ndiyo amenikumbuka? Amesikia naagwa, anataka na yeye aonekane.”

“Amepiga tangu asubuhi. Labda kuna jambo.”

“Miaka miwili hakuna jambo, leo kuna jambo?” Alitabasamu maana mpiga picha alikuwa mbele yao. Moyoni, kusema kweli, alifurahi. Alikuwa amemkumbuka sana dada yake, na alitaka apige tena, na tena, ajisikie na yeye uchungu wa kupuuzwa. Angempigia jioni. Angempelekea na keki. Akaizima simu kabisa, akaitia mfukoni.

*

Tumbo la Zuleha lilikuwa limeacha kuuma ghafla, na jambo hilo lilimtisha Dokta Urvashi kuliko kelele zote. Mapigo ya moyo yalikimbia, ngozi ilikuwa ya baridi. Alimpigia mkuu wake, kwa kuwa idara nzima haikuwa na jibu jingine kwa shida ya namna hii isipokuwa kumtafuta Rehani. Simu ikamjibu kwamba haipatikani. Akajaribu tena, vilevile.

“Stephano!” aliita. Stephano alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, mpole, mwenye aibu nyingi. “Chukua bodaboda nenda ukumbini. Mwambie mzee kuna mama wa milimani amegoma, mjomba hapatikani, mgonjwa ananiponyoka. Aje awe mjomba, au aniruhusu nipasue.”

Stephano akaenda vilevile na nguo zake za kijani na ndara za plastiki. Mlangoni mwa ukumbi dada wa kamati akamtazama juu mpaka chini.

“Kaka, una kadi?”

“Natoka hospitali. Namtaka Dokta Rehani.”

“Mgeni rasmi anaongea. Subiri amalize, usituharibie.”

Na Stephano akasubiri! Alisimama nyuma ya spika, mikono ameificha nyuma, kwa sababu hajawahi kumkatiza mkubwa akiongea katika maisha yake yote. Mgeni rasmi aliongea juu ya uongozi, juu ya uzalendo, akasahau alipokuwa, akaanza upya. Makofi yalipopigwa ndipo Stephano akapenya hadi meza kuu, akainama kwenye sikio la mzee.

“Shikamoo, dokta. Samahani sana. Nimetumwa na Dokta Urvashi. Kuna mgonjwa wa utumbo, wa milimani. Ndugu wanamsubiri mjomba.”

“Sasa si wamsubiri? Utaratibu wanaujua.”

“Hali yake mbaya, mzee. Dokta anaomba uje, au umruhusu.”

“Yuko wapi huyo mjomba?”

“Wanasema yuko mjini hapa. Hapokei simu.”

Rehani akasonya. “Mjomba gani huyo? Mtu mpwa wake yuko kitandani, hapokei simu! Mpigieni tena. Mwambie Urvashi asiguse, nikipokea zawadi tu nakuja.”

“Sawa, mzee.” Stephano akageuka kuondoka.

“Stephano. Wametoka kijiji gani?”

“Kinole, mzee.”

Wanakamati walikuwa wanakuja na zawadi, wawili wameibeba, ni picha kubwa ya Rehani mwenyewe ndani ya fremu. Kina mama wakaanza vigelegele. Rehani alisimama kuipokea kama ilivyopangwa, lakini mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Akaiwasha simu pale pale mbele za watu. Ikaanza kutetemeka na haikuacha. Chini kabisa kulikuwa na ujumbe kutoka namba asiyoijua.

*Shikamoo mjomba. Ni Twalibu. Najua hunipendi. Zuleha yuko wodini kwako, utumbo umejisokota, mama hataki apasuliwe bila wewe. Niadhibu mimi, lakini sema neno.*

Wanasema fremu iliwaponyoka wanakamati kwa namna alivyowapita. Raya alimfuata akiwa peku, viatu ameviacha chini ya meza.

*

Dokta Urvashi hakuwa amengoja jibu. Twalibu alipoona mkewe anafumba macho alimkamata daktari mkono, akasahau aibu yote, akapiga kelele wodi nzima isikie: “Mjomba mwenyewe ni Dokta Rehani! Huyo huyo wenu! Ndiye tunayemsubiri!”

Dokta Urvashi alimtazama Mwanaasha. Mwanaasha aliinamisha uso.

“Mleteni ndani,” daktari aliwaambia manesi. “Nimesema mleteni! Akinifukuza kazi anifukuze.”

Alipofungua tumbo, harufu ilitoka kwanza. Utumbo ulikuwa mweusi, karibu wote. Mtaalamu wa usingizi aliutazama, kisha akatazama pembeni. Mlango ukasukumwa, Rehani akaingia ameshavaa, mikono imeoshwa, suruali ya suti inaonekana chini ya gauni. Alisimama upande wa pili wa meza, akapitisha vidole vyake polepole, akitafuta mahali penye uhai. Vidole hivyo vilikuwa vimefanya kazi hiyo tangu ujana. Vilijua mapema kuliko yeye alivyotaka kujua.

“Ingekuwa asubuhi,” alisema.

“Ingekuwa asubuhi, ndiyo,” Dokta Urvashi akajibu. Alikuwa analia ndani ya barakoa na hakujificha. “Nilikupigia, dokta. Simu yako ilikuwa imezimwa.”

Walifanya walichoweza. Walikata kilichooza, wakaunga kilichobaki, ambacho hakikuweza kumlisha hata mtoto mchanga. Wakamfunga. Zuleha hakuamka. Alikata roho jua likiwa linazama, mkono mmoja ameshikwa na mumewe, mwingine na mjomba wake, na wanaume hao wawili hawakuwahi kukaa karibu namna hiyo kabla.

*

Rehani ndiye aliyetoka kwenda kusema. Alishawapa watu wengi habari za namna hii, alikuwa na maneno yake ya siku zote, na safari hii hata moja halikumjia. Mwanaasha alimwona anakuja akainuka kwenye benchi.

“Shikamoo, kaka.”

Hebu fikiria. Akamwamkia kwanza.

“Marahaba. Mwanaasha, dada yangu...”

“Umefika,” alisema Mwanaasha. “Niliwaambia utafika. Twalibu alikuwa ananibishia, nikamwambia kaka yangu namjua. Umemwona? Umeshasema neno, apasuliwe?”

“Tumeshampasua.”

“Bila neno lako?”

“Nilichelewa, Mwanaasha.”

Alimtazama usoni kwa muda, akiutafuta ule uso aliokua nao nyumba moja. Halafu akaelewa. Hakupiga yowe. Aliteremka taratibu, akakaa sakafuni, akaanza kuikunja khanga ya Zuleha aliyokuwa amepewa na nesi, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akaikunjua, akaanza tena.

“Mbona hukupokea?” aliuliza akiwa ameinamia ile khanga.

Rehani akakaa chini pamoja naye, na suti yake. Angeweza kusema alikuwa kwenye sherehe. Angeweza kusema simu iliisha chaji, na dada yake angemwamini.

“Niliona jina lako,” alisema. “Nikaizima.”

Mwanaasha aliendelea kukunja.

*

Kinole kulikuwa na ukungu asubuhi ya mazishi, na umande ulilowesha kanzu za wanaume mpaka magotini. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa upande wa migomba. Mwili ulioshwa, ukavishwa sanda, ukawekwa ndani ya jeneza uani, wanawake wakiwa wamejaa mlangoni na barazani. Dokta Urvashi alikuwepo, amejitanda mtandio, amekaa mkekani na wenzake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wamama walimsogezea nafasi tu.

Mzee Said, mkubwa wa ukoo, alikohoa.

“Jamani, mnajua kwetu. Maiti haitoki hapa mpaka mjomba aseme. Rehani, mwenye neno ni wewe. Tunakusikiliza.”

Rehani alikuwa amesimama peke yake upande wa kichwa cha jeneza. Usiku kucha alikuwa hajafumba jicho. Aliangaza watu waliokuja, wengi wao aliwahi kuwapasua au kuwapasulia watoto, akamtafuta Twalibu. Hakuwa mbele. Alisimama nyuma kabisa pamoja na wageni, karibu na banda la mbuzi. Ndoa isiyo na neno la mjomba haikumpa mahali pa kusimama pale, na mwenyewe alijua, hakutaka kuleta fujo kwenye msiba wa mkewe.

“Twalibu,” aliita Rehani. “Njoo.”

Kijana akaja, watu wakampisha.

“Huyu ndiye mume wake,” Rehani alisema. “Ndugu zangu, nasema mbele yenu wote. Nimeikubali ndoa. Ashuke kaburini yeye, ampokee mke wake. Na maiti itoke. Nimekubali.”

Wanaume wakaitikia kwa sauti ya chini. Mzee Said akasema alhamdulillahi, neno limepatikana. Twalibu alijifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na Rehani akamshika mkono kumwongoza kwenye jeneza.

Ndipo Mwanaasha alipotoka katikati ya wanawake. Walijaribu kumzuia, akawaondoa mikono yao bila nguvu. Alikwenda mpaka mbele ya kaka yake, akasimama karibu naye, akamuuliza kwa upole, akitaka kweli kujua.

“Ilikuwa neno hilo tu, kaka?”

Wanaume walishakuwa wameinama kulishika jeneza. Hakuna aliyelinyanyua. Walisubiri Rehani ajibu.